UWANDA WA JUU WA KATIKATI: MIPAKA YAKE NA SURA YAKE

1. Uwanda wa juu ni nini?

Mtoto akaaye Temeke au Kinondoni amezoea nchi iliyo karibu kulingana na bahari. Mvua kubwa inyeshapo, maji hutuama njiani na uani, kwa sababu hayana mahali pa kushukia upesi. Nyuma ya mji viko vilima vya Pugu, naye huviona kuwa virefu kwa kuwa hajaona vingine. Nchi hii ya chini, ifuatayo ufuko, huitwa nchi ya pwani.

Lakini pwani ni ukingo tu wa nchi yetu. Sehemu kubwa ya Tanzania bara imeinuliwa juu, nayo ndiyo nchi ya Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga. Mtu asimamapo Tabora huona nchi tambarare pande zote, akadhani yu chini. Kumbe yu juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi. Nchi ya namna hii, iliyoinuka kama mlima na kutandazwa kama uwanja, ndiyo tuiitayo uwanda wa juu.

Yatupasa kupambanua uwanda wa juu na mlima. Mlima una kilele. Mtu akiisha kufika kileleni hana budi kushuka. Uwanda wa juu hauna kilele. Mtu akiisha kuupanda aweza kwenda siku nyingi kwa miguu, asishuke wala asipande sana, naye yu juu vilevile. Kwa hiyo wengi wakaao huko hawajui kwamba wanakaa juu, mpaka siku wasafiripo kuja pwani.

2. Mpaka wa nchi hujulikanaje?

Mpaka wa shamba huonyeshwa kwa mti au kwa jiwe. Mpaka wa wilaya huandikwa na serikali, nayo serikali yaweza kuubadili. Katika miaka ya 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Watu walilala katika wilaya moja wakaamka katika wilaya nyingine, lakini hapana kilima kilichohama wala kijito kilichogeuka.

Mpaka wa uwanda wa juu haukuandikwa na mtu. Atakaye kuujua hana budi kuiuliza nchi yenyewe maswali matatu. Swali la kwanza ni la kimo: Je, mahali hapa pana mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Swali la pili ni la mteremko: Je, nchi ni tambarare, au imeanza kushuka kwa ghafula au kupanda kuwa milima? Swali la tatu ni la maji: Je, mvua inyeshayo hapa huenda wapi? Mahali pengine majibu yote matatu hupatana, na mpaka huonekana wazi kama ukuta. Mahali pengine hayapatani, na mpaka hufichika. Sasa na tuuzunguke uwanda, upande kwa upande.

3. Upande wa mashariki

Upande wa mashariki ndio ulio rahisi kwetu, kwa maana reli yatuongoza. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wote ni kilomita 1,250 hivi.

Tazameni vimo vya njiani. Dar es Salaam iko kando ya bahari. Morogoro, mwendo wa kilomita 200 hivi, iko mita 500 tu juu ya bahari. Kilosa nayo haipiti Morogoro kwa kimo. Basi mpaka hapo msafiri angali katika nchi ya chini, ingawa ameiacha bahari mbali. Ndipo mbele yake inaposimama milima ya Usagara, yaani Ukaguru na Rubeho, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,000. Reli ya zamani haikuweza kuiruka milima hiyo. Ilitafuta mlango, ikauona katika bonde la mto Mkondoa. Ikaupanda mto huo kwa mizunguko mingi, kutoka Kilosa mpaka Gulwe. Msafiri akiisha kutoka katika bonde lile huona milima imebaki nyuma yake, na mbele yake nchi imefunuka. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya bahari.

Siku hizi iko na reli mpya ya treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Reli hiyo nayo haikuepuka milima ile. Katika nchi ya Kilosa imebidi kutoboa mashimo mlimani ili treni ipite. Njia mbili, zilizojengwa kwa zaidi ya miaka mia moja kati yake, zimekutana na ukuta mmoja. Ukuta huo ndio mpaka wa mashariki.

4. Upande wa magharibi na wa kaskazini

Upande wa magharibi na wa kaskazini yako maziwa mawili makubwa. Wengi hudhani ni ndugu wanaofanana, lakini sivyo.

Ziwa Tanganyika, lililo magharibi, limekaa ndani ya ufa mkubwa wa dunia. Uso wa maji yake uko mita 770 hivi juu ya bahari, yaani chini ya Tabora kwa zaidi ya mita 400. Kina chake ni mita 1,470 hivi. Mtoto ajuaye hesabu na atoe 770 katika 1,470. Ataona kwamba sakafu ya ziwa hilo iko mita 700 chini ya usawa wa bahari yetu. Hapo uwanda umevunjika kweli, nasi twaweza kusema bila shaka kwamba mpaka wa magharibi ni ufa huo.

Ziwa Victoria, lililo kaskazini, halimo katika ufa. Uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Dodoma, na kina chake hakipiti sana mita 80. Nalo limetanda kama maji ndani ya sinia: pana mno, lakini si ya kina. Kwa hiyo Ziwa Victoria limekaa juu ya uwanda wenyewe, mahali ulipobonyea kidogo. Twalitaja kuwa mpaka wa kaskazini kwa sababu nchi kavu yakomea hapo, lakini uwanda waendelea chini ya maji na ng'ambo yake mpaka Uganda.

5. Kusini, na mahali mpaka ufichikapo

Kusini nchi haishuki tu, bali hupanda pia. Huko iko milima ya nyanda za juu za kusini, katika nchi za Iringa, Njombe na Mbeya. Kati ya milima hiyo na uwanda wa katikati upo mto Ruaha Mkuu pamoja na mbuga za Usangu. Na kusini-magharibi liko Ziwa Rukwa, lililo mita 800 hivi juu ya bahari, ndani ya tawi la ufa. Wenye ramani hupenda kuufuata mstari huo wa mabonde.

Kaskazini-mashariki ndipo mpaka unapofichika. Kutoka Dodoma kwenda nchi ya Wamasai hapana ukuta wala ufa ulio wazi kila mahali. Uwanda mmoja waungana na mwingine polepole, kama rangi mbili zilizochanganyika katika kitambaa. Hapo ramani mbili zaweza kutofautiana, na zote mbili zisiwe na uongo. Mwanafunzi asifadhaike. Mstari wa ramani ni kalamu ya mwanadamu, nayo nchi haikuumbwa kwa kalamu. Lililo muhimu ni kujua kwa nini mchoraji aliuweka mstari wake pale alipouweka.

6. Sura ya nchi juu ya uwanda

Je, juu ya uwanda ni tambarare tupu? Hapana. Kwanza, uko ufa mwingine unaoukata kati. Magharibi ya Dodoma reli hushuka katika bonde la Bahi, mahali penye kinamasi, mita 830 hivi juu ya bahari. Kisha mbele yake huinuka ukingo mkali, na juu ya ukingo huo umekaa mji wa Kilimatinde. Reli huupanda kutoka Saranda kwenda Manyoni, ikafika tena nchi ya juu kupita Dodoma. Basi uwanda wetu una kipandio katikati, kama baraza yenye ngazi.

Pili, mawe. Chini ya uwanda umo mwamba mgumu wa kale mno, ambao umri wake wapita miaka milioni 2,500. Mvua na upepo vimeufagia udongo wa juu kwa muda usiohesabika, na pale mwamba ulipokuwa mgumu kupita mwingine umebaki kuwa vilima vya mawe vilivyo wazi. Vilima hivyo huonekana Dodoma, Singida na Mwanza. Mengine ya mawe hayo yamepandana kana kwamba jitu limeyapanga. Kondoa, kwenye kingo za ufa, watu wa kale walichora wanyama na watu katika mawe yaliyoinama kama paa, na mwaka 2006 michoro hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Tatu, mvua na baridi. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mtu wa Temeke alalaye Dodoma mwezi wa Julai huomba blanketi la pili. Tena pwani tuna mvua za aina mbili, masika na vuli, lakini uwandani mvua ni moja tu, kutoka Novemba au Desemba mpaka Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Pepo zitokazo baharini huacha maji mengi katika milima ya mashariki, na zivukapo hubaki na kidogo. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Dodoma hupata 570 hivi. Tabora hupata zaidi ya Dodoma, na ndiyo maana huko imeota misitu mikubwa ya miombo, yenye nyuki na asali. Lakini katika misitu hiyo wamo na mbung'o wauao ng'ombe.

Wenyeji wameijua hali hiyo tangu zamani, wakajifunza kuishi nayo. Wagogo walijenga tembe, yaani nyumba fupi zenye paa la udongo lililo bapa. Nyumba hiyo haing'olewi na upepo, nayo mvua haba haiibomoi upesi. Walipanda uwele na mtama, vinavyostahimili jua, wakafuga ng'ombe wanaoweza kuhamishwa kufuata majani. Wakati wa kiangazi walichimba maji katika mchanga wa makorongo.

7. Maji huenda wapi?

Sasa tulijibu swali la tatu, maana ndilo lenye ajabu kuliko yote. Mito ya uwanda huu haiendi upande mmoja. Mto Simiyu huingia Ziwa Victoria, na maji yake, kwa njia ya Nili, hufika Misri na bahari ya Mediterania. Mto Ugalla huingia Malagarasi, nao Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo, na Kongo humwagika katika bahari ya Atlantiki. Mto Kinyasungwe hutoka upande wa Dodoma, ukawa Mkondoa, kisha Wami, ukaingia bahari yetu ya Hindi. Mto Kisigo nao huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji. Tena iko mito isiyofika bahari yo yote: Wembere huelekea Ziwa Eyasi, na Bubu huishia katika kinamasi cha Bahi, na jua likanywa maji yao.

Fikirini basi. Matone ya wingu moja yakianguka uwandani yaweza kuagana hapo hapo, moja likaenda Misri, moja Kongo, moja Pwani, na la nne lisiende po pote. Nchi yenye kugawa maji hivyo ni nchi ya juu kwa hakika.

8. Waliopita bila kuijua nchi

Kuijua mipaka na sura ya nchi si jambo la mtihani tu. Zamani misafara ya Bagamoyo ilipanda Usagara kwa miguu, wapagazi wamechukua mizigo ya frasila mbili mabegani. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Tabora mwezi wa Novemba. Walipokwisha kuivuka milima ya mashariki, shida haikuisha. Ilikuwapo nyika iitwayo Marenga Mkali, maana yake maji makali, na mbele zaidi Mgunda Mkali, penye vichaka vizito na maji haba. Majina hayo yalikuwa maonyo. Kiongozi aliyeyaelewa alijaza vibuyu mapema. Asiyeyaelewa aliwapoteza watu wake kwa kiu.

Baadaye walikuja watu wenye mitambo, nao hawakuyasikia maonyo. Baada ya Vita Kuu ya pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yao ilianza kulima karanga katika Tanganyika, hasa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Lakini Kongwa iko nyuma tu ya ule ukuta wa mashariki, mahali pepo zifikapo zikiwa zimekwisha kumwaga mvua yake. Mvua ikawa haba. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya matrekta. Udongo, ulipokauka, ukawa mgumu kama tofali, karanga zikashikwa ndani yake. Mwaka 1951 kazi ile iliachwa, baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Wenyeji waliokuwa wakipanda uwele na mtama karibu na hapo wangaliweza kuwaeleza habari za mvua ya mahali pao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

9. Yatuhusu nini sisi wa pwani?

Mtoto wa Kinondoni aweza kusema, “Uwanda huo uko mbali, wanihusu nini?” Na atazame nyumbani kwake. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma. Zabibu ziuzwazo njiani, mafuta ya alizeti ya Singida, na wengi wa ng'ombe wauzwao katika mnada wa Pugu, vyote vimeshuka kutoka nchi ile ya juu.

Taa imwangazayo asomapo usiku nayo ina habari. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanywa Mtera, kisha huporomoka Kidatu, mahali nchi ya juu inapokatika, na nguvu ya maporomoko hayo hugeuzwa kuwa umeme. Mbele zaidi, katika Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Hivyo katika umeme uivutao treni kwenda juu imo na nguvu ya maji yaliyoshuka chini.

Lakini maji hayo hayo yaweza kuleta hasara. Miti ikikatwa ovyo juu ya Gulwe, na mifugo ikizidi kiasi, mvua haiingii ardhini, bali hukimbilia Mkondoa pamoja na udongo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja reli katika bonde hilo na kuharibu nyumba nyingi za Kilosa. Treni za kwenda bara zikakatika, na mizigo ya Dar es Salaam ikazuilika. Mti uliokatwa uwandani ulikuwa umefunga mlango wa pwani.

Basi, wanafunzi, mpaka huonyesha mahali nchi moja iishiapo, lakini hautengi maisha ya watu wa huku na watu wa kule. Mwenyezi Mungu ameiweka nchi ya juu na nchi ya chini zitegemeane. Aliye juu na aulinde mti wake. Aliye chini na aheshimu jasho la aliye juu.

MASWALI

1. Uwanda wa juu hutofautianaje na mlima?
2. Taja maswali matatu tunayoiuliza nchi ili kuujua mpaka wake.
3. Kwa nini reli ya zamani ilifuata bonde la Mkondoa?
4. Eleza kwa nini Ziwa Tanganyika ni mpaka wa kweli wa uwanda, na Ziwa Victoria sivyo.
5. Dodoma iko mita 1,120 na Bahi mita 830. Msafiri ashuka mita ngapi? 
6. Taja mito mitatu ya uwanda, na useme maji ya kila mmoja huishia wapi.
7. Kwa nini karanga zilishindikana Kongwa, na uwele ukastawi?

KAZI YA MIKONO

Chukueni sinia kubwa na udongo wa mfinyanzi. Upande mmoja acheni nafasi iwe bahari. Fanyeni pwani ya chini, kisha ukuta wa milima wenye mlango mmoja mwembamba, na nyuma yake uwanda wa juu. Upande wa pili kateni ufa mrefu uwe Ziwa Tanganyika, na juu ya uwanda bonyezeni kwa kiganja mahali pa Ziwa Victoria. Mimineni maji polepole juu ya uwanda, mtazame yaendako. Kisha pandeni majani mafupi karibu na mlango wa milima, mmimine tena. Kila mmoja na aandike katika daftari lake tofauti aliyoiona.